Ulisema Twende Hospitali

Mwende wangu,

Ni mimi, dada yako Kalondu. Niko jikoni kwa Mwaitu, mama yetu, hapa Katangi. Kikombe chako bado kinaning'inia ukutani na hakuna anayekigusa. Tangu tukuzike, nyumba hii haijasikia mtu akicheka.

Unakumbuka siku ile ulipopigwa picha ya tumbo kule Machakos? Daktari alisema una uvimbe wa maji kwenye ovari, mkubwa kama chungwa, lakini si kansa. Tulikumbatiana pale koridoni kama wendawazimu. Akaongeza kwamba mara chache sana huweza kujisokota, kwa hivyo ukishikwa na maumivu ya ghafla tukimbie. Nilisikia, Mwende. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini nilichorudi nacho nyumbani ni "si kansa" tu.

Ni mimi niliyekusukuma usimame kanisani utoe ushuhuda kwamba Mungu amekuponya. Akina mama wakapiga vigelegele, nawe ukaketi ukininong'oneza, "Wewe Kalondu, utaniaibisha siku moja."

Halafu ile Ijumaa, nyumbani kwako. Ulikuwa umejikunja kitandani, unatapika, ukaniambia, "Dada, twende hospitali." Nikakujibu, "Juzi tu umeshuhudia kwamba umepona, watu watasemaje? Ngoja Jumapili ipite." Nikakupa chai ya rangi na dawa za maumivu. Aki mimi! Nilijali midomo ya watu kuliko tumbo lako.

Jumapili asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Walipokupasua walikuta uvimbe umejisokota, umeoza, umepasuka, na damu yote imeingia sumu. "Ni jambo nadra sana," daktari akasema. Nadra! Inanisaidia nini mimi?

Sasa Mwaitu anasema ni Mutua, mume wako, aliyekuua kwa kukunyima nauli ya hospitali. Maskini alikuwa kazini Mwala, hakujua lolote. Mwaitu amemchukua mtoto wenu Ndanu, na Mutua akija kumwona anafukuzwa langoni. Jana alisimama nje ameshika viatu vipya vya mtoto. Ndanu akalia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa ndani, kimya.

Siwezi tena. Kesho, kabla Mwaitu hajaenda shambani, nitamwambia kwamba ulisema twende, na aliyekataa ni mimi. Atanifukuza, najua. Wewe nimekukosa, na yeye nitamkosa. Lakini nakuahidi, Ndanu kesho atalala kwa baba yake.

Kwaheri, mwana wa mama. Sikuombi unisamehe.