Baba, Ulimfungiaje Faili Mama wa Mwea?

Baba yangu,

Huko uliko najua hakuna mgongo unaouma, kwa hivyo una nafasi ya kunisikiliza. Nina swali lililonikaa tangu Jumanne.

Unamkumbuka yule mama mkulima wa mpunga kutoka Mwea? Jina silitaji, maana ulinifundisha kwamba jina la mgonjwa halitoki nje ya chumba. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya fizio, hii tiba yetu ya viungo, nikifanya mazoezi ya kazi chini yako pale Kianyaga. Alikuwa ametibiwa goti miezi minne. Alipenda sana kile kitambaa cha moto, akilala kitandani akikupasha habari za mifereji na za mashemeji. Siku hiyo ukaniambia nimpime, na goti likakunjika sawa na lenzake.

"Mama, umepona," ukamwambia. "Fanya mazoezi nyumbani, usirudi hapa bila shida mpya."

"Ati nisirudi? Kwani daktari nimekukosea wapi?"

Alilia, Baba. Nilikununia mpaka nyumbani. Nilipokuuliza, ulisema tu, "Kumshika mtu aliyepona ni kumdanganya," ukaendelea kula githeri yako. Nilikuona katili, kusema kweli. Hivi ulikuwa ukisikia nini moyoni? Sikuwahi kuuliza.

Sasa niko na chumba changu hapa Karatina. Wengi wa wagonjwa wangu ni watu wa sokoni, wabeba magunia. Wengine huniita msichana wa masaji, na hilo la masaji linanichoma kweli kweli! Mafizio tukikutana ni kulalamika: hatuheshimiwi, hatusikilizwi. Halafu nauliza, huo utaalamu tunaotaka uheshimiwe ni nini hasa? Mwenzangu mmoja anasema ni unadhifu na kufika mapema. Mwingine anasema mgonjwa akikuletea ndizi, umefaulu. Mimi nilikuwa upande wa ndizi.

Basi kuna mzee mmoja, nitamwita Mzee wa Bega. Alianguka kutoka kwenye mti wa makadamia, mwaka uleule aliomzika mkewe. Amekuja kwangu kila Jumanne, karibu mwaka mzima. Nampa joto, namkanda, ananisifu mpaka wanaosubiri foleni wanacheka. Mwezi jana nilienda likizo, mwenzangu akamhudumia. Niliporudi nilikuta ameandika kwenye faili: "Bega limepona. Bado anakuja kwa nini?"

Nilikasirika, wacha tu. Anajua nini yeye? Nikafungua kurasa za nyuma ili nimwonyeshe, na sikupata kipimo hata kimoja cha miezi mitano iliyopita. Kila Jumanne nilikuwa nimeandika "anaendelea vizuri, tuendelee", kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilikuwa nimeacha kumpima kwa sababu nikimpima ningejua. Na wakati huohuo kuna mama aliyepigwa na kiharusi, hawezi kushika kijiko, tulimwambia asubiri mwezi ujao kwa kuwa hakuna nafasi. Niliona aibu, Baba. Nilikuwa nimempa mtu mwingine nafasi yake kwa sababu napenda kusifiwa.

Jumanne nikampima mzee. Mkono ulipanda mpaka juu bila kusita. Nikamweleza yote, hata kosa langu la kuacha kumpima. Akautazama ule mkono uliokuwa hewani, akaushusha.

"Kwa hivyo nimepona."

"Umepona kabisa, mzee."

"Sawa, daktari. Sasa Jumanne nitakuwa naenda wapi?"

Hilo hawakutufundisha chuoni. Nikatia sahihi, nikafunga faili, nikampigia simu yule mama wa kiharusi aje wiki ijayo. Halafu nikachukua koti la mzee ukutani nikamvisha, nikiingiza mkono wake polepole kwenye mkono wa koti, kana kwamba bado unauma. Naye akaniachia nimvishe.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, kitinda mimba wako.