Nashipai na Simu ya Baba Yake

Jumatatu, 3 Machi

Sare za shule tena. Nimeshona kola tangu asubuhi, shingo inauma. Vumbi la Kitengela limeingia mpaka ndani ya cherehani. Nimeweka namba ya siri kwa TV kabla watoto warudi. Ile tamthilia ya saa kumi wanavuana nguo mchana kweupe, na Nashipai ako na miaka tisa tu. Simu yangu pia nimefunga. Nikajiona mama mzuri.

Jumatano, 5 Machi

Tukiwa tunakula, Nashipai ameuliza: mtu akipigwa mawe afe, macho yanabaki wazi? Ameuliza tu vile mtu huuliza kama kuna chumvi. Leiyan, ndugu yake wa miaka minne, akaendelea na ugali wake. Mimi niliweka tonge chini. Nikamuuliza hayo ametoa wapi. Akasema hajui.

Anajua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa jirani, Mama Kelvin, kwa sababu watoto hucheza huko. Nilimwambia TV yake inaniharibia mtoto. Alinishika mkono akanipeleka sebuleni. TV imefunikwa kitambaa, juu yake ameweka maua. Ilikufa Krismasi.

Nimerudi na aibu yangu. Na bado sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Nashipai amefika kutoka Namanga, mahali anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Amechoka sana. Alilala kwa kochi mchana, watoto kando yake, kimya. Nikashukuru kwa hiyo amani, nikashona.

Baadaye nilimwambia kuhusu lile swali. Alicheka kidogo. Anasema watoto wa Kimaasai huona mbuzi akichinjwa wakiwa wadogo na hakuna anayeota vibaya. Mimi nimetoka Murang'a, labda sielewi.

Lakini jioni tukiangalia filamu, watu wawili wakabusiana. Baba yao alinyakua rimoti akabadilisha haraka. Akarudisha walipoanza kuuana. Watoto wakaangalia. Niliona hiyo. Nikaendelea kuangalia.

Jumanne, 11 Machi

Leiyan hataki kubaki na dada yake. Ananishika nguo hata nikienda choo. Nimemuuliza mbona, anaficha uso.

Nashipai amekuwa mpole. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Huu upole siupendi.

Ijumaa, 14 Machi

Wacha niandike.

Mteja alinichelewesha kwa geti. Nikasikia watoto wakicheka kwa chumba cha kushonea. Nikaingia. Leiyan amefungwa kwa mguu wa meza na utepe wangu wa kupimia. Nashipai amemsimamia na mkasi mkubwa wa kitambaa. Kelvin wa jirani ameinua kipande cha kadibodi kama simu, anajifanya anarekodi. Wote wanacheka. Leiyan pia anacheka, na machozi yanashuka.

Amekatwa nyuma ya sikio. Kidogo. Damu si nyingi.

Nilichukua mkasi. Nashipai sikumpiga. Niliogopa nikianza sitaacha.

"Yeye ndiye alikuwa mwizi," akaniambia, kama mtu anayeeleza sheria za mchezo.

Nikamuuliza ni nani amemfundisha mchezo kama huo.

"Ni ile ya simu ya Baba."

Jumamosi, 15 Machi

Kumbe kila Jumamosi Baba Nashipai akitaka kulala huwa anawapea simu yake ili wanyamaze. Ile amani yote niliyokuwa nashukuru.

Leo amefika, nikaomba simu, nikafungua. Kikundi cha wenzake wa kazi, kimejaa video. Mwanaume amelala barabarani, watu wamemzunguka na mawe. Sikumaliza. Damu naweza. Kilichonishinda ni yule anayerekodi. Anacheka kama mtu ako harusini.

Nilimwekea mume wangu simu mbele. Akaanza tena mambo ya mbuzi. Nikamwambia, "Mbuzi tunachinja tule. Hujawahi kuona mtu akimcheka."

Akageuza simu kifudifudi.

Nikamwita Nashipai, nikamwambia amweleze baba yake yote aliyoona. Alieleza pole pole, akiangalia sakafu. Ameona nyingi. Zingine sitaziandika hapa. Baba yake alitaka kumkatiza, nikamzuia kwa mkono. Asikilize. Mtoto alizibeba peke yake.

Mwisho Nashipai akainua uso.

"Kwa ile ya mawe kulikuwa na mtoto hapo kando," akamwambia. "Mbona hakuna mtu alimfunika macho?"

Baba yake alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji. Aliporudi alikuwa amejitoa kwa hicho kikundi na kufuta kila kitu. Ameniambia niweke namba ya siri kwa simu yake pia, asiijue mtoto. Nikaweka. Chakula kimelala kwa sufuria.

Nimemkasirikia. Najikasirikia pia. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja nikaketi.

Jumapili, 23 Machi

Kajiado, kwa mama mkwe. Baba Nashipai aliomba ruhusa kazini akatuleta mwenyewe. Tumetoka kanisani, watoto wamekunywa maziwa. Kidonda cha Leiyan kimekauka. Nashipai amekula vizuri. Siku kadhaa sasa hajauliza kitu.

Alasiri waliketi nje kwenye mkeka, nyanya yao akitoa mawe kwa maharagwe. Leiyan mwenyewe akasogea kwa dada yake, akaegemeza kichwa kwa bega lake. Nilikuwa mlangoni. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Halafu nikatafuta mikono ya Nashipai. Alikuwa ameikalia, yote miwili, kama anaizuia. Hakuitoa hata ndugu yake aliposhikwa na usingizi.