Goli la Mrusi wa Ndia Kuu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimelificha miaka hamsini: goli lile si langu. Basi, nimeliandika. Daktari hasemi tena "ukipona."

Nilisoma Belarus, katika mji mdogo wa kiwanda cha kitani. Wafanyakazi walikuwa na timu yao, nasi Wakenya wawili, mimi na Odera wa Kisumu, tukachukuliwa kuichezea. Historia yote ya klabu ile ina siku moja tu ya kujivunia: siku ilipopanda daraja, moja kwa nunge, theluji ikianguka. Nilirudi nyumbani nikasema nilifunga mimi. Tangu hapo Ndia Kuu naitwa Mrusi. Belarus, Urusi — kwao ni mamoja.

Jumatano, 5 Novemba
Areej, mjukuu wangu, ameipata historia ya klabu mtandaoni. Simu ikamtafsiria. Kiwanda kilifungwa, jina likabadilishwa mara tatu, uwanja ukawa soko. Sasa wanacheza daraja la chini kabisa, na mashabiki wachache wanaokoteza kumbukumbu. Ipo picha: nambari tisa amebebwa mabegani, uso umekatwa. Chini yake: mwanafunzi kutoka Kenya.

"Babu, ni wewe!"

Nikaitazama picha. Soksi zimeshuka mpaka vifundoni. Odera hakuwahi kuzipandisha. Mimi siku ile nilikuwa benchi, nimejifunika blanketi!

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya Alasiri walinishusha hadi barazani. Tayebali ameitundika ile picha dukani kwake, juu ya mabomba na misumari.

"Mrusi, wallahi miaka yote nilidhani watudanganya!"

Wakacheka. Mwingine akaniinua suruali autazame mguu uliofunga. Mguu wenyewe umevimba, wabonyea kama unga uliokandwa. Wakanipigia makofi. Afadhali wangenitemea mate.

Jumapili, 9 Novemba
Areej aliisambaza picha pamoja na jina langu. Leo amepigiwa simu na mwanamke, Ketty, binti Odera. Baba yake alifariki mwezi wa nne. Alikufa akiitwa muongo. Kwenye sherehe za ukoo walikuwa wakimwinua makusudi: hebu tusimulie lile goli lako la barafuni! Naye alisimulia kila mara, wao wakicheka.

Ketty yuko njiani kuja Mombasa.

"Babu," Areej akaniuliza, "huyo mzee alikuwa akijifanya wewe?"

Nilimwomba maji.

Jumatatu
Sikulala. Sili.

Jumanne, 11 Novemba
Amefika. Yuko sebuleni, chini yangu, na sakafu hii ya mbao haifichi neno. Tayebali naye amekuja, hakosi mahali penye habari.

"Binti, usivunjike moyo," namsikia. "Kila mji una mtu wa kudai goli la mwenziwe."

Kisha sauti ya Ketty, ya upole, na upole huo ndio unaoniua:

"Sikuja kudai goli, baba. Mzee aseme tu kwamba walijuana. Nikarudi nyumbani na hilo."

"Babu!" Areej anaita. "Mgeni angoja!"

Kujuana! Tulilala chumba kimoja miaka minne. Vidole vyangu vilipoganda kwa baridi, Odera ndiye aliyenifunga viatu kila asubuhi, amepiga magoti, akinitania kwamba Waswahili wameumbwa kwa jua.

Mwaka wa sabini na tisa, Odera akifanya kazi bandarini, alisikia habari za goli langu. Akaja barazani na nguo zake za kazi. Hakugomba. "Awadh," alisema, "waambie." Wiki ile ile, kwa ajili ya goli lile, nilikuwa nimepewa timu ya Bondeni niifundishe. Mmoja akauliza, huyu mtu wa bara ametokea wapi? Baraza zima likageuka kunitazama.

Nyayo za Areej ngazini. Anakuja kunishika mkono.

Nilimtazama Odera machoni, nikasema: simjui mtu huyu.