Makofi ya Baba Yangu

Mwende mjukuu wangu,

Habari za huko Johannesburg? Sisi hapa Kalama tuko salama. Pojo zimechanua, na yule ng'ombe wako mkorofi amezaa.

Unaniuliza kwa nini mwenzako wa Zimbabwe alicheka alipokuona ukipiga makofi kabla ya kupokea sahani. Ati unapiga kama mwanaume! Nimelifikiria jambo hilo mpaka chai ikamwagikia jikoni.

Baba yangu alitoka huko Zimbabwe. Alikuja Kenya akiwa mpishi wa mzungu. Mzungu akarudi kwao, baba akabaki na mama, Mkamba wa hapa hapa. Kila jioni mama alisimama na sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yake, akingoja baba amalize makofi yake ya shukrani. Sisi wasichana tukamwiga baba, na watoto wetu wakatuiga.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, kwenu wanawake pia wanapiga hivi?"

"Hapana. Makofi yao yana sauti nzito." Akakunja viganja kidogo, akajaribu. Akajaribu tena. Sauti haikutoka. "Nyanya yako angekuonyesha," akasema, akaanza kula.

Nyanya huyo hatukuwahi kumwona.

Sasa mwambie huyo msichana aache kucheka, akufundishe. Ukija Desemba, keti nami jikoni unionyeshe polepole. Nataka kuisikia ile sauti ambayo baba alikuwa akiitafuta.

Mimi susu wako, ambaye bado anapiga kama mwanaume.