Jicho la Kukuonea

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Leo nimeapa kukueleza yote, bila kuficha wala kupamba. Lakini mwalimu wetu wa lugha husema habari nzito haina budi kusubiri mlangoni mpaka salamu zipite, kwa hiyo naanza na salamu.

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na mume wako na pacha wenu, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umeshakuachia. Mama hajambo, bado anapika katika jiko la chuo na bado anarudi akinuka vitunguu. Shuleni sijambo pia. Nimekuwa wa nne darasani, na ningekuwa wa tatu kama si jiografia, ambayo nashindwa kuipenda kwa sababu ramani zake zinakuweka mbali mno.

Huenda unajiuliza kwa nini ninaandika ilhali unapiga simu kila Jumapili. Ni kwa sababu ya hiyo simu yenyewe. Bibi havioni tena vitufe vyake, kwa hiyo anaweka spika, na nyumba nzima tunaongea nawe kwa pamoja kama darasa linaloitikia. Ukimuuliza habari za macho, anakujibu, "Yapo, mwanangu, yanakutafuta wewe tu." Wewe unacheka, nasi tunacheka. Shangazi, hayo macho si ya kuchekea tena.

Mambo yalianza na kadi. Mwaka juzi Baba alikuwa akimnyoa mteja mmoja anayeuza tiketi za ndege. Yule bwana akamwambia kuna kadi ya mkopo ambayo kila ukinunua kitu kwayo unapewa pointi, na pointi zikitosha unabadilishiwa tiketi. Baba alicheka mpaka akazima mashine. Unakijua kibao chake pale juu ya kioo: "Ukinyoa kwa mkopo, umenyoa urafiki." Mtu wa namna hiyo na kadi ya mkopo, wapi na wapi?

Lakini wiki iliyofuata alivaa lile shati alilopigia picha ya pasipoti akaenda benki. Ofisa akamuuliza amewahi kukopa wapi. Baba akajibu kwa fahari kwamba hajawahi kukopa popote tangu azaliwe. Alidhani atapongezwa. Ofisa akamwambia, "Mzee wangu, basi hapo ndipo penye tatizo. Mtu asiyewahi kukopa sisi hatumjui." Alirudi nyumbani amenuna, akasema ameonekana mhuni kwa sababu ya uaminifu wake. Mwishowe walimpa, lakini ilibidi kwanza aweke akiba yake kule kama dhamana. Kadi yenyewe ni ya buluu na ina picha ya bawa la ndege.

Mama alipoiona alisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Baba akamjibu, "Mimi sitaki harusi wala matanga. Nataka mbawa mbili. Moja ya Mama, moja yangu."

Ndiyo, Shangazi. Alitaka kumleta Bibi kwako yeye mwenyewe, amshike mkono mpaka mlangoni pako. Nadhani alitaka pia kusimama mbele yako aseme lile ambalo hajawahi kulisema. Nilikuwa mdogo tulipomzika Babu, lakini nilikuwa chini ya meza ya jikoni nilipomsikia akikulaumu kwa kuishi ng'ambo, akikwambia, "Aliyechagua ndege akae na ndege zake." Nakumbuka ulivyovaa viatu ukaondoka. Kumbe na yeye anakumbuka.

Tukakubaliana Bibi asiambiwe mpaka tiketi zipatikane. Unamjua alivyo: ukimwambia kuna safari, anakaa na mkoba magotini mpaka siku ifike. Tena Baba aliogopa kumtia tamaa halafu mambo yasitimie. Kwa hiyo pointi tulizipa jina la manyoya. Baba akirudi kazini Mama anamuuliza, "Leo ndege ameota manyoya mangapi?" naye anajibu, "Ya mkia tu." Bibi alidhani tunaongea habari za nywele za kinyozi.

Nataka ujue kwamba Baba aliitumia ile kadi kwa adabu. Alinunua vile tu ambavyo tungevinunua hata bila kadi: unga, sabuni, umeme, nyembe, na dawa ya macho ya Bibi. Kila mwisho wa mwezi alikwenda benki kulipa yote kabla hawajamkumbusha. Hatukudaiwa chochote. Lakini Bibi angejuaje? Alichokijua ni kwamba mwanawe, ambaye maisha yake yote hakukopa hata kiberiti, sasa kila akitoka dukani anasema kwa furaha, "Nimelipa kwa kadi!"

Halafu kuna fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake hauna kizibo. Yeye hukaa na Bibi barazani mchana wakati kazi hakuna. Alimtania, "Bibi, mwanao siku hizi ni mtu wa kadi. Wenye kadi ndio wale wanaoamka asubuhi wakakuta milango imewekwa kufuli na benki." Alikuwa anatania tu. Aliponiona nimesimama akaongeza, "Na wewe Kiroboto, usome haraka, utawaokoa na hizo kufuli." Bibi hakucheka. Alisema taratibu, "Kikadi chembamba hivyo, kitammeza mtu mzima." Nilimsikia, nikadhani ni maneno ya uzee.

Sasa nafikia pale pazito. Daktari alikwisha kusema zamani kwamba Bibi ana presha ya macho, na kwamba kinachopotea katika ugonjwa huo hakirudi, ila matone yanazuia kisiendelee kupotea. Kila jicho tone moja asubuhi, tone moja jioni. Bibi alikuwa akijitilia mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Na chupa moja ikaanza kudumu sana. Baba akimuuliza kama dawa imeisha, anajibu, "Bado ipo, baba, usihangaike." Baba aliona ni baraka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, kwa sababu Mama alikuwa na zamu. Muuguzi alimkalisha mbele ya ule ubao wenye alama, akamziba jicho la kushoto kwa kijiko cheusi. Bibi akasoma vizuri mpaka mstari wa tano, nami nikajivuna kama ninayesoma mimi. Kisha muuguzi akamziba la kulia.

Bibi akageuza uso huku na huku. Halafu akasema, "Binti, mbona umezima taa?"

Muuguzi akamwambia, "Bibi, taa inawaka."

Daktari aliitwa, akamulika, akauliza dawa inatumikaje. Hapo Bibi akanyoosha mgongo akaeleza bila aibu, kama anayeeleza jinsi ya kubana matumizi ya mafuta ya kupikia. Alikuwa akitia jicho la kulia peke yake. "Dawa ya macho mawili inaisha mbio," alisema, "na mwanangu inamtia kwenye madeni. Nikachagua moja. La kumwonea binti yangu akija. Hili lingine nililisamehe."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Tuliporudi nilipitia kwanza kinyozini kwa Baba. Baba alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, yule seremala mnene anayependa mabishano. Nilimwambia sikioni. Aliizima mashine, akaiweka juu ya kiti cha pili, akatoka bila kuvua aproni. Seremala alibaki na nusu ya nywele. Mtu mwingine angepiga kelele, lakini yeye alikaa palepale mpaka Baba aliporudi, na wateja walipoingia wakimcheka aliwaambia, "Ndiyo mtindo mpya, msubiri zamu." Nilimpenda siku hiyo.

Nyumbani Baba alipiga magoti mbele ya Bibi akamweleza yote: kadi, manyoya, mbawa mbili, wewe. Bibi alimsikiliza huku akimpapasa kichwa. Mwisho akasema, "Kumbe wewe ulikuwa unanitafutia mbawa, na mimi nakuhurumia?" Mama alikwenda jikoni akafungua bomba, maji yakawa yanamwagika bila chombo.

Tangu siku hiyo Baba haigusi ile kadi. Ameilaza ndani ya kasha la mashine yake ya zamani. Anakula kidogo, anajibu "eh" kwa kila kitu. Wateja wanasema mkono wake umekuwa mzito. Juzi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, ameziba jicho moja kwa kiganja, anatazama kioo.

Jicho la kulia bado linaona. Sasa mimi ndiye ninayetia matone, asubuhi kabla ya shule na jioni. Daktari amepanga kulifanyia upasuaji mdogo mwezi wa nane, wa kupunguza presha. Nilimuuliza kama litapona. Alinijibu kwamba atajitahidi. Nimefundishwa kusoma sentensi vizuri, Shangazi, na katika hiyo sikuona ahadi.

Nilipomuuliza Bibi kama anaogopa upasuaji, alisema haogopi kisu. Anaogopa kuamka siku moja akakujua kwa sauti tu na kukugusa. "Sauti ninayo kila Jumapili," alisema. "Mimi nataka uso wake. Nilimwacha msichana, sijui amekuwa mama wa sura gani."

Mama na mimi tulikwenda kwa yule bwana wa tiketi. Akafungua kompyuta yake akatuambia pointi zilizopo zinatosha tiketi moja, kwenda na kurudi. Ya pili iko mbali sana. Bibi hawezi kusafiri peke yake, na daktari amesema hata akiwa na mtu, kwa sasa asisafiri. Mama akauliza kama tiketi ni lazima iwe ya mwenye kadi, na kama ni lazima ianzie hapa. Yule bwana akasema hapana na hapana. Inaweza kuandikwa jina la mtu yeyote, na kuanzia popote ndege zao zinapofika. Huko kwenu zinafika.

Tulipomwambia Baba, aliinuka mezani. "Nitamwambia nini?" alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia akae na ndege zake. Leo nimpelekee ndege?" Mama akamjibu, "Ndiyo. Mpelekee." Hakurudi mezani, chakula chake kikapoa. Naye Bibi ametukataza kukwambia habari ya jicho, ati tusimtie hofu mtoto wa watu akiwa kazini ugenini. Kwa hiyo barua hii inavunja amri yake, nami ni mara yangu ya kwanza kuvunja amri ya Bibi nikiwa nimekusudia. Mama hajaisoma. Lakini aliponiona naandika, aliweka stempu kando ya mkono wangu akaenda zake.

Silaumu mtu. Nimejaribu kutafuta wa kulaumu na kila nikimshika mmoja nakuta alikuwa anampenda mwenzake.

Nisalimie mume wako kwa heshima, na pacha wote wawili, hasa yule anayeniimbia kwenye simu bila kuombwa. Bibi angekusalimu kama angejua naandika, basi pokea salamu zake kutoka kwangu. Seremala naye anakusalimu, anasema mlisoma pamoja na kwamba ulimshinda mbio. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi baada ya zamu, na akuhifadhie uso wako uleule.

Wako akupendaye tangu nikiwa mgongoni mwako,
mtoto wa kaka yako, Kiroboto.

Sasa swali langu, ambalo naomba ulijibu kwa barua itakayoondoka huko upesi, kabla hata ya kunisalimu. Yule bwana wa tiketi anataka jina, na Baba hatakuuliza, hivyo nakuuliza mimi: tiketi ikija na jina lako juu yake, imetoka kwa kaka yako, utapanda?