Asidi Iliyomo Tangini

Jumatatu, 3 Machi
Kiwandani kwa mdogo wangu, kuandika habari ya tangi lake. Ndani kuna kuvu nyeusi, vidonge vidogo kama mtama, vinazunguka kwenye maji ya molasi. Kazi yake kugeuza sukari kuwa asidi ya limau, ile ya kwenye soda na peremende. Mavuno ni duni. Mkurugenzi kasema yasipopanda idara inafungwa, asidi itaagizwa nje kwa magunia. Dawa ya mdogo wangu: kuilisha kuvu kitangulizi — kitu ambacho yenyewe ingekitengeneza njiani kabla ya kuifikia asidi.
"Unamfikisha nusu ya safari, dada. Iliyobaki atembee."
Anayezuia tangi lisifurike povu, wanamwita Bwana Povu, kasema kuvu ni kama shemeji: ukimlisha sana hafanyi kazi. Wamecheka. Mdogo wangu hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Asidi imepanda kwa karibu robo. Mkurugenzi kampa mkono mbele ya wote, kamwita mama wa kiwanda. Mimi kaniambia habari itoke Jumamosi. Bodi inakaa asubuhi hiyo kuamua, wajumbe wakute gazeti mezani.
Povu, pembeni: "Mgema kasifiwa." Kaambiwa akalinde povu lake.
Nimetazama wanavyopima. Wanachota maji ya tangi, wanatia tone la rangi ya kupimia, kisha wanadondosha soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, inayoua ukali wa asidi, mpaka yageuke waridi. Ikihitajika soda nyingi, asidi ni nyingi. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Habari imekwisha. Hainikai sawa. Nimempigia: hicho kitangulizi chenyewe ni kikali?
Ni asidi pia, kasema. Lakini nyingine.
Soda inazitofautisha?
Nikasikia mota ya tangi.
Kuvu inakila chote, kasema. Nikauliza nani kapima. Hapo akanijia juu — kila akishika kitu mimi nakigeuza chini kutafuta ufa, tangu mchumba wake wa kwanza. (Yule alikuwa na mke. Sikumkumbusha.)
"Ukiandika kwamba hatujui, dada, bodi itasoma kwamba hatuna. Watu wote hawa watakwenda wapi?"
Nikamwambia siandiki hatujui. Wala siandiki tumepata.
Kakata simu. Baadaye kapiga mwenyewe, sauti imeshuka. Kapeleka chupa ya maji ya tangi chuoni. Wana mashine inayotenganisha asidi moja moja. Jibu kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Kaja chumba cha habari na koti la kazi, buti zinanuka molasi. Hakutaka kusubiri peke yake. Mhariri kamtazama buti, kampa kiti. Kisha kaniambia ukurasa haumngoji mtu.
Nina aya mbili za kufungulia, moja ya asidi kupanda, moja ya kipimo kudanganya, zote tayari. Sijafuta hata moja.
Simu ya chuo imeingia. Ameipokelea mlangoni, kanigeuzia mgongo. Nasikia upande wake tu. Naandika hapa, mikono ipate kazi.
Ndiyo, ni yeye. Ndiyo, tangi lenye kuvu, si chupa ya majaribio.
Kwa buti moja anakwangua molasi kwenye nyingine.
Sasa anaulizwa walimimina kitangulizi kiasi gani. Anataja. Anaombwa arudie. Anarudia, polepole zaidi.
"Na kitangulizi kilichobaki?" anauliza.
Mhariri kasimama mezani kwangu: twende mitamboni au tusiende? Mdogo wangu kainua kidole, bila kugeuka. Subirini.
Bado kakiinua. Mkono wa simu umeshuka: "Kimebaki karibu chote, dada."