Jina Lako Halikuwa na Kosa

Mdogo wangu Lulu,

Nakuita kwa jina la kwanza, lile nililokuchagulia mimi kutoka kwenye kitabu cha hadithi nikiwa darasa la saba.

Ulikaa nasi hapa kijijini Sola miezi minne tu. Shingo yako haikukaza, na ziwa lilikuponyoka mdomoni. Bibi akasema kuna marehemu wa ukoo anayetaka upewe jina lake. Akakuita Minza sikioni, akakufunga ushanga mweupe mkononi, mama akakupa ziwa. Ungenyonya, jina lingekuwa limekubalika. Hukunyonya. Akajaribu Kabula. Hukunyonya. Kisha akanigeukia, bila hasira: "Mjukuu wangu, lile jina la vitabuni ulilitoa wapi?"

Tulikuzika, swali likabaki nami. Miaka yote hii nimeamini ni mimi.

Daktari wa Mwanza aliyekuona alimwambia baba hana kipimo cha kuthibitisha, ila anahisi tatizo liko kwenye peroksisomu. Aliandika neno hilo kwenye karatasi, nikaitunza. Sasa niko kidato cha sita Bariadi, na nimesoma. Peroksisomu ni vijumba vidogo ndani ya seli. Protini za kufanya kazi humo hutengenezwa nje, nyingi zikiwa na alama fupi mwishoni. Kipokezi, yaani mbebaji, huitambua alama, huibeba protini hadi kwenye mlango wa ukutani, nayo hupita ikiwa imeshakunjwa. Kipokezi hurudi kuchukua nyingine. Kwa wagonjwa wengi alama ziko sawa, mlango ndio mbovu. Protini hubaki nje, vijumba vitupu. Wanasayansi huviita mizimu. Hapo nilifunga kitabu.

Likizo hii nilimweleza Bibi kwa Kisukuma, kwa punje za mahindi na mlango wa ghala. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jina halikuwa na kosa," akasema. Halafu, taratibu: "Na huo ubovu wa mlango, mama yako bado anao?"

Mama ni mjamzito, Lulu. Ubovu huo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, wenyewe wakiwa wazima, na mtoto anaweza kuupata au kuukosa. Nimemwomba baba warudi kwa daktari Mwanza, amekubali. Jana mama aliniambia nichague jina.

Nimeshalichagua. Sijalitamka, hata nikiwa peke yangu. Najua nilichosoma, lakini nasubiri kwanza nimwone akinyonya.

Pumzika, mdogo wangu.

Dada yako, aliyekuita Lulu